Vidole Viwili Kwenye Mti wa Meno

Waliosimama mbele ya mti Jumapili ile nawakumbuka wote, na nguo walizovaa nazikumbuka. Alikuwepo Kambo Mujinga, mama mzazi wa baba yangu, mwenye mti. Alikuwepo baba yangu Ilunga, mtoto wake wa kwanza, mfanyakazi wa usine, kiwanda cha shaba cha Shituru, bado na shati jeupe la misa. Alikuwepo mama yangu, Mama Kabedi, na mdogo wangu Yowana amelala mgongoni mwake. Alikuwepo Baba-mudogo Mutombo, mdogo wa baba, na mke wake Selina, waliokaa chumba cha nyuma katika lupango letu, maana ua ulikuwa mmoja na moto wa kupikia ulikuwa mmoja. Na mimi, Mwadi, wa miaka tisa, nimejificha nyuma ya kitenge cha mama. Wote wamekwenda. Tumebaki mimi na Yowana, na Yowana siku ile alikuwa anaota ndoto za maziwa, hawezi kunisaidia kukumbuka.

Nisingeandika haya kama si harufu. Juma lililopita kitukuu changu Dorkasi aliamka na shavu limevimba, jino lilikuwa linamla. Mama yake, mjukuu wangu Nicole, alikuwa amekwisha kwenda Kamatanda na beseni la mikate anayowauzia wachimbaji, nikabaki mimi na kilio cha mtoto. Nikachukua kisu kidogo, nikaenda nyuma ya nyumba kwenye mti nilioupanda kwa mkono wangu, mti ambao tangu uote sikuwahi kuugusa kwa chuma. Nilipoinua ganda la kwanza, harufu ikanijia usoni: kwanza limau, halafu pilipili, halafu kitu kama bati lililonyeshewa mvua. Nikakaa chini pale pale, kisu mkononi. Dorkasi akaacha kulia, akaniuliza kama na mimi ninaumwa jino.

Wenzetu wa mashariki, nimeambiwa, wanauita mjafari. Sisi Shituru tuliuita mti wa meno, kwa kazi yake. Si mti mkubwa. Ukisimama karibu nao utafikiri umekasirika: shina limejaa vinundu kama chuchu za mbwa anayenyonyesha, na kila kinundu kina mwiba mweusi kwenye ncha. Majani yake ni madogo, yamepangana huku na huku, na ukiyasugua mkononi huwezi kula kitu mpaka jioni bila kuisikia harufu ile kwenye tonge. Ganda ndilo dawa. Ukilitafuna, mdomo unatembewa na siafu, halafu siafu wanalala, halafu mdomo wenyewe unalala. Jino linaendelea kuwa bovu, lakini halina tena mtu wa kumlilia.

Mti wa Kambo ulikuwa peke yake katika kambi nzima ya wafanyakazi. Aliutoa kijijini kwao, kando ya Lufira, mahali ambapo leo ni maji tu, maji ya barrage, lile bwawa la umeme la Mwadingusha. Maji yalipoanza kupanda, watu walibeba kuku, mbegu, hata milango ya nyumba. Kambo alibeba chipukizi lililotoka kwenye mzizi wa mti wa baba yake, pamoja na udongo wake, ndani ya chungu, kichwani. Njiani wanawake walimcheka kwamba wenzake wanahama na vyungu vya kupikia, yeye anahama na chungu cha miiba. Aliwajibu kwamba vyungu vya kupikia viko kila mahali. Alipokuwa akitusimulia alikuwa anagusa shina kwa mgongo wa mkono, pale kati ya miiba, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Makaburi ya kwao yako chini ya maji. Kwa hiyo mti ule ulikuwa ndio kwao.

Kila mwaka ulitoa maua madogo ya kijani, nyuki wakaja wakajaa, na tunda halikuonekana hata moja. Baadaye sana nilijifunza kwamba miti hii iko ya kiume na ya kike, na ule wetu ulikuwa wa kiume, mjane kati ya moshi wa Shituru. Haukuzaa, na sijawahi kusikia mtu akiuitia mkutano kwa sababu hiyo. Mama-mudogo Selina alikuwa na miaka mitatu katika lupango letu bila mtoto, na mikutano yake ilikuwa mingi.

Nimeandika jina lake na mkono umenisita. Selina alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume. Akiosha sufuria, inageuka mpya. Alitoka Kambove. Macho ya Kambo yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu mweupe, kwa hiyo Selina ndiye aliyekuwa anawakatia dawa majirani walipokuja kuomba, na kisu cha mti kilikaa chumbani kwake, juu ya dirisha. Kambo alisimama karibu akimwongoza. Nilikuwa nawafuata wote wawili, na ndiyo maana sheria za mti nilizijua kuliko katekisimu.

Ganda linachukuliwa upande jua linapotoka, na safari nyingine upande linapotua. Upana ni vidole viwili, tena vidole vyako wewe unayekata, usimpimie mwenzako. Niliuliza kwa nini. Kambo alisema mwenye mwili mkubwa ana ugonjwa mkubwa, mwenye mwili mdogo achukue kidogo. Ukimaliza unapaka tope lililochanganywa na majivu, mti usiingiwe na baridi. Halafu unangoja. Hapo ndipo alipoinua kidole: usirudi na kisu mpaka kidonda cha kwanza kifunge midomo yake, hata kama mgonjwa ni padri.

“Muti iko na mukaba yake,” alikuwa anasema. “Ukimuvua mukaba, anakufa na haya.”

Mukaba ni mkanda wa kiunoni. Nilikuwa naona mti umevaa suruali kama ya baba, nikacheka moyoni. Mnaona basi kwamba sikukosa kufundishwa.

Sasa nisimulie dhambi yenyewe. Shuleni tulikuwa na mtoto mmoja, Anjelika, binti wa kapita, msimamizi wa wafanyakazi, mwenye viatu vyekundu vya kufungwa kwa kifungo. Yeye ndiye aliyekuwa na kamba ya kuruka, na mwenye kamba ndiye anayechagua nani aruke. Mimi nilikuwa nachaguliwa kushika ncha. Mwaka mzima nilizungusha kamba wenzangu wakiruka, mpaka bega moja likawa na nguvu kuliko lingine. Siku moja Anjelika alikuja anaumwa jino, nikampa kipande cha ganda nilichokuwa nacho mfukoni, kilichobaki kwenye dawa ya jirani. Dakika chache tu akaanza kucheka. Alijipiga mdomo kwa kiganja, akasema hausikii kitu. Akajaribu kusema Salamu Maria, ikatoka kama ya mtoto wa miezi, na mate yakamdondoka kwenye viatu vile vyekundu. Watoto wote walilala chini kwa kicheko. Saa ya mapumziko niliruka wa kwanza.

Kesho yake walikuwa wananingoja mlangoni. Kila mtu alitaka mdomo wake ulale. Tukawa na mchezo: tunatafuna, tunangoja, halafu tunasoma sala kwa zamu, anayeimaliza bila kutoa mate ndiye mshindi. Na mwenye dawa nilikuwa mimi. Jamani, mtoto aliyekuwa mshika kamba akiitwa kwa jina na binti wa kapita, hata leo nikikumbuka joto linanipanda mashavuni, na si joto la haya peke yake.

Nilikuwa nachukua kisu cha Selina alipokwenda kuchota maji. Nilipita nyuma, upande wa ua, mahali majani yalipokuwa marefu, nikapiga magoti kwenye shina, chini kabisa. Nilipima vidole viwili. Vyangu mwenyewe, kama sheria ilivyosema. Nilikata, nikapaka tope na majivu vizuri, nikarudisha kisu juu ya dirisha. Kesho yake nilipima tena vidole viwili, kando kidogo. Nilijiambia kwamba kila siku nimechukua kidogo, kila siku nimefuata sheria. Ile ya kungoja niliisahau kama mtu anavyosahau jina la anayemdai, akimwona anapinda njia. Tope nililipaka kwa kuutunza mti, ndiyo, lakini pia kwa sababu tope linaficha. Nililijua hilo nikiwa na miaka tisa, msinihurumie kwa utoto. Kutoka mwisho wa mvua mpaka mahindi yalipokauka shambani nilizunguka mti ule kama mtu anayekula mkate pembeni pembeni, siku moja vidole viwili, siku nyingine vidole viwili, mpaka kidonda cha mwisho kikakutana na cha kwanza. Hata sikujua ni siku gani vilikutana. Tope lilikuwa limekauka rangi moja pande zote.

Siku moja Selina alinikuta narudi kutoka nyuma ya nyumba. Aliweka ndoo chini. Alishika ncha ya kitenge chake akanifuta mdomo, akafuta tena kwa nguvu, na mimi sikusikia kitu. Aliniuliza kama naumwa jino. Nikasema ndiyo. Akaniuliza jino gani. Nikafungua mdomo nikamwonyesha lolote. Aliliangalia kwa muda mrefu.

“Ile jino iko muzuri,” alisema. “Kesho umwambie Kambo.”

Aliniachia nafasi, mnaona. Aliniachia siku nzima, na baada ya hiyo nyingine nyingi. Sikumwambia Kambo. Na yeye Selina hakunisemea. Nilifikiri amesahau.

Ukaja wakati wa baridi, mti ukapukutisha majani yake yote, na hakuna aliyeshangaa, maana mti huu kila mwaka unavua nguo wakati huo. Watoto shuleni walipata mchezo mwingine, na mimi nikawa nimekwisha kuzoeleka katika kamba. Mvua ya kwanza ilipopiga, mti ukachipua. Nilifurahi. Lakini majani yalikuwa madogo kuliko ya kila mwaka, na kabla ya juma la tatu yakaanza kuning'inia kama vitambaa vya kufutia sahani. Kila asubuhi Kambo alikuwa anatoka, anasimama karibu na mti, anavuta hewa puani. Kwa macho yake yale, mti aliujua kwa harufu. Jumapili ile tulipotoka misa alikwenda, akavuta hewa, akavuta tena. Akamwita baba kwa jina lake la utotoni, jina ambalo sikuwahi kulisikia kabla.

Baba alichukua jembe, akaanza kukwangua tope chini ya shina. Likaanguka kwa vipande vikubwa, kama mkate wa jana. Na chini yake mti ulikuwa uchi, mweupe uliokwisha kugeuka kahawia, mkavu, mzunguko mzima. Ulikuwa umevuliwa mkanda. Kwenye reli ya usine mabehewa yalikuwa yanagongana.

“Kisu ya muti inakaa na nani?” baba aliuliza, ingawa alijua.

“Inakaa na miye, Baba Mwadi,” Selina alisema.

Aliitwa baba yangu kwa jina langu. Mimi nilikuwa nimeshika kitenge cha mama kwa mikono miwili.

Lazima muelewe watu walikuwa wanafikiri nini, maana hawakusema kwa mdomo. Mwanamke asiyezaa, na kisu, na mti wa dawa uliokatwa mzunguko. Kwetu anayekata ganda mzunguko si mgonjwa. Ni mtu anayetafuta jambo la uchawi, anafungua ili apate kufunga mahali pengine. Nilimsikia mama akivuta pumzi. Selina naye alijua wanafikiri nini. Hakulia. Alichuchumaa mbele ya mti, akaweka vidole vyake viwili, vile virefu vinene, juu ya kidonda kimoja. Mistari ya kisu bado ilionekana, kila ganda lilipoanzia na lilipoishia.

“Haiko mukono yangu,” alisema. “Muangalie. Vidole yangu haiingie humu.”

Hakuna aliyeangalia. Baba-mudogo Mutombo, mume wake, alikuwa anatafuna jani la nyasi na kuangalia viatu vyake. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi wa pilipili, na siku ile ulimtoka.

“Leo vidole inajua kusema,” alisema. “Na tumbo?”

Selina aliinuka, akapangusa goti. Tangu hapo hadi alipoondoka kwetu hakujitetea tena.

Ndipo Kambo Mujinga akapiga magoti. Baba alitaka kumshika mkono, akaukataa. Alianza kupapasa shina lile, na vile macho yalikuwa hayaoni, uso wake ulikuwa unaangalia juu, kwetu sisi. Aliweka vidole vyake viwili kwenye kidonda kimoja, akavitoa, akaviweka kwenye cha pili. Alizunguka mti kwa magoti, kidonda kwa kidonda, na ilichukua muda kama fungu zima la rozari. Mwiba ulimchoma, hakutoa mkono. Alipofika alipoanzia aliutoa mkono kwenye shina. Halafu alipangusa mkono kwenye kitenge.

“Inatosha,” alisema. “Muti imekufa. Tuingie tukule.”

Tulikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Nilikuwa nangoja mtu aniulize, nilikuwa nimekwisha kupanga nitasema ndiyo. Naapa nilikuwa nimepanga. Lakini hakuna aliyeniuliza, na mtoto asiyeulizwa anapata haraka sana kufikiri kwamba jambo si lake.

Mchana ule Kambo aliniita nimsaidie kubambua karanga. Tulikaa kwenye mkeka, mimi na yeye peke yetu. Baada ya muda aliacha karanga, akatafuta mkono wangu wa kulia. Alichukua vidole vyangu viwili, cha shahada na cha kati, akavibana pamoja kati ya vyake, akavishika. Alivishika kwa muda mrefu, akivipitisha kidole gumba huku na huku. Nilifikiri: Kambo analilia mti wake, ananipenda, anataka mtu wa kushika. Nikamwegemea. Nililala pale pale begani mwake, nikasinzia kwa raha.

Kabla ya Jumapili nyingine kaka wa Selina, anaitwa Kyungu, alifika kutoka Kambove na baiskeli. Alikuwa ameitwa. Wakubwa walizungumza ndani, mlango umefungwa, na mti ulitajwa, na tumbo likatajwa zaidi ya mti. Selina alifunga vitu vyake: sufuria mbili, blanketi, sanduku la mbao lisilo na kufuli. Kisu cha mti alikiacha juu ya dirisha. Baba-mudogo Mutombo hakutoka kumwangalia. Mimi nilikuwa kwenye njia ya kuingilia, nachora chini kwa kijiti, najifanya nacheza. Alisimama mbele yangu. Alilowesha kidole kwa mate akanifuta vumbi kwenye shavu, kama anavyofanya mama kabla ya misa.

“Mwadi,” aliniambia, “siku ingine ungoje.”

Hayo tu. Akapanda nyuma ya baiskeli, miguu yake mirefu karibu kugusa chini. Niliitazama baiskeli mpaka ilipopinda kwenye reli.

Baba-mudogo alioa tena, Mama Odile, mwanamke mzuri wa kicheko, na yeye hakuzaa. Hakuna aliyelizungumza kwa sauti. Selina huko Kambove aliolewa na mkulima na akazaa wanne: Kilufya, Numbi, Kasongo na Feza. Habari hizo zilifika kwetu kama zinavyofika zote, kwa watu wa soko. Kambo alizisikia. Alisema, “Vizuri,” akaendelea kuchambua mboga. Alikufa mwaka uliofuata.

Nilikuwa mke wa mtu, na mtoto mgongoni, nilipomwona Selina tena. Nilikuwa nimekwenda Kambove kwa kilio cha rafiki, nikapitia sokoni. Selina alikuwa amekaa nyuma ya mafungu ya viazi vitamu, mnene sasa, anacheka na jirani yake. Nilikuwa mwanamke mzima. Sikuwa na mama wa kujifichia nyuma. Nilihesabu hatua za kumfikia, hazikuzidi ishirini, halafu nikapinda nikapita mstari wa wauza samaki. Ile ya mti niliifanya nikiwa mtoto. Hii ya sokoni ni ya mtu mzima, na ndiyo inayonikalia zaidi.

Nilipokuwa mjane nilianza kutafuta mbegu. Petelo, mvuvi aliyekuwa akileta samaki wakavu kutoka Mwadingusha, nilimsumbua misimu mitatu mpaka akaniletea matunda kwenye kipande cha gazeti. Ni madogo kama pilipili manga, mekundu kahawia, yanapasuka yenyewe na mbegu nyeusi inachungulia, inang'aa kama jicho la panya. Nilizipanda siku ile ile kwa furaha, hakuna iliyoota. Msimu wa pili nilizianika kwanza kama mahindi, zikafa zote. Mbegu hii ina mafuta kwenye ngozi yake, maji hayaingii, na ikikauka sana moyo wake unakufa. Nilijifunza pole pole, kwa kukosea. Unaichukua ikiwa bado mbichi, tunda limepasuka tu. Unaisugua kwa mchanga na majivu mpaka ing'ae kidogo tu, mafuta yatoke. Unailoweka siku mbili, inayoelea unaitupa. Unaiweka kwenye mkebe wenye mchanga wa mtoni na udongo mweusi wa chini ya majani yaliyooza, unaifunika kwa nyasi, kivulini, na unaimwagia maji kila asubuhi kidogo. Halafu unangoja. Mwezi, hakuna. Mwezi wa pili, hakuna. Watoto wangu walinicheka kwamba mama anamwagilia mikebe ya mchanga. Mwezi wa nne, siku moja nilipokuwa nimekwisha kukata tamaa, mkebe mmoja kati ya ishirini ulikuwa na kitu kijani kama kichwa cha kiberiti.

Usiung'oe kutoka kwenye mkebe. Mzizi wake ukikatika hauna msamaha. Nilipasua mkebe kwa mkasi wa bati, nikaweka yote ardhini mvua zilipoanza. Miaka miwili haukufika gotini. Sasa una mvua kumi na mbili, umenipita urefu, na nimeupandia wenzake wawili, maana mpaka utoe maua hujui kama ni mke au mume, na sikutaka mwingine akae mjane.

Nirudi kwa Dorkasi na jino lake. Nilipoinuka, nilipima vidole viwili kwenye shina, upande jua linapotoka, nikakata ganda langu la kwanza tangu utoto. Nikampa atafune. Alipoanza kutabasamu na mdomo uliopinda, akataka kujua nilipimaje. Nikamwonyesha. Na yeye akaja akaweka vidole vyake viwili ndani ya kidonda nilichokata, vidole vya miaka saba, na pembeni yake pakabaki nafasi kubwa ya bure, kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Hapo ndipo nilipomwona Kambo Mujinga kwa magoti, uso juu, akizunguka mti kidonda kwa kidonda. Hakuwa anauaga. Alikuwa anapima. Vidole vyake, vya mwanamke mzima, havikuingia, kama vile vya Selina havikuingia. Mtu aliyetufundisha kwamba kila mkono unaacha upana wake alijua ni mkono wa nani katika lupango lile unaoweza kuingia humo, maana mikono midogo ilikuwa miwili, na mmoja ulikuwa wa mtoto wa mgongoni. Na ili awe na hakika, mchana aliniita kwenye karanga.

Miaka zaidi ya sitini nilifikiri siri ni yangu peke yangu. Alijua. Alijua Jumapili, na Kyungu alifika katikati ya juma, na katika siku zote hizo neno moja lake lingemrudisha Selina jikoni. Mimi nilikuwa mtoto wa mtoto wake. Selina alikuwa mtoto wa watu. Alichagua, na alinishika vidole huku akichagua, na mimi nikasinzia kwa raha. Sijui nifanye nini na upendo wa namna hiyo. Siwezi kuukataa, ulinilea. Lakini najua ulilipiwa na nani.

Selina amekwisha kufa, niliambiwa miaka mitano iliyopita. Nyumbani kuna mche mmoja kwenye mkebe wa maziwa, una majani sita. Nicole amesema mvua zikishika atanisindikiza Kambove tumtafute Feza au yeyote aliyebaki. Labda hawataki mti wa miiba kutoka kwetu. Nitakwenda tu, nitayasimulia haya mlangoni, wakinikaribisha ndani ama wasiponikaribisha.

Na ninyi mnaosoma, kama kuna aliyeishi Shituru siku zile, au aliyetoka tumboni mwa Selina, na anaona nimekosea, anirekebishe. Labda Kyungu hakuja na baiskeli, labda alikuja kwa miguu. Labda viatu vya Anjelika havikuwa vyekundu. Labda watoto wa Selina hawafuatani kama nilivyowapanga, na kama kuna wa tano nimemruka, nileteeni jina lake nimwandike. Nirekebisheni kwa yote hayo. Kwa mkono uliokata, msinirekebishe. Huo niko nao hapa, ndio ninaoandikia.